Mwakeye, Kaka Bonaventura

Jumatatu, 12 Januari

Wema kaninunulia daftari hili leo sokoni Mwanga, la kurasa mia mbili, akaniwekea mapajani. Kasema ya Tuonane niandike Tuonane, mengine yote niyaandike humu. Mwanangu ana miaka ishirini na sita, lakini akinisema namwogopa kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Juzi Jumamosi alinitilia kwenye simu huo mtandao mpya wa Tuonane, ambao sasa kila mtu yumo, hadi katekista. Nikaufungua. Kitu cha kwanza ukanisalimia: "Una habari gani leo, Verediana?" Mimi nimelelewa, nikisalimiwa naitikia. Nikaandika kwamba namshukuru Mungu nimeamka, ila mgongo umenikaza tangu Alhamisi kwa kukoroga sabuni, na tumbo limenisumbua, nadhani ni yale maharage. Nikabonyeza. Nilidhani namjibu aliyeniuliza. Kumbe nimewajibu watu wote. Jana baada ya misa ya kwanza watu kumi na mmoja wamenipa pole ya mgongo, na Samson fundi cherehani akaniuliza mbele ya kwaya kama maharage yametulia. Nimecheka, nifanye nini.

Sasa nieleze kwa nini mama wa miaka hamsini na tatu, wa darasa la saba, mpika sabuni ya mawese hapa Rusimbi, Kigoma, ameingia huko. Wema anaolewa Jumamosi inayofuata Pasaka. Baba yake, marehemu Gervasi, ana miaka sita kaburini. Kwetu binti akitoka nyumbani kwenda kanisani, mjomba ndiye anayemtangulia mlangoni, na kama baba hayupo ndiyo kabisa. Mjomba wa Wema ni mmoja tu, kaka yangu Bonaventura. Na kaka yangu hajasema na mimi miaka kumi na moja. Namba zake za zamani hazipatikani. Binamu yangu Skolastika ndiye aliyemwona Tuonane, kapiga picha na mashine ya kusaga, huko Kahama.

Basi nimeingia kumtafuta. Nitampata, na atakuja. Naandika hapa ili nisirudi nyuma.

Jumatano, 14 Januari

Mvua kutwa. Sabuni niliyokata Jumatatu bado laini kama ugali wa muhogo.

Jumamosi, 17 Januari

Wiki moja humo ndani. Kwanza, hakuna anayeosha vyombo. Kila mtu kavaa, kapendeza, anakwenda mahali. Samson, ambaye dukani kwake husikii hata akikohoa, humo anapiga kelele za mpira kwa herufi kubwa tupu mpaka nikamwonea huruma mkewe. Lakini kilichonishangaza ni salamu. Watu ambao barabarani wanainama na kunipa shikamoo, humo wanapita kama mbuzi. Wanaingia bila hodi, wanatoka bila kwaheri. Nimeamua mimi nitasalimia.

Watu sitini na watatu wameniomba urafiki. Wema anataka nichague. Nachaguaje? Mtu kasimama mlangoni kasema hodi. Nimewakaribisha wote.

Na kaka nimempata. Kanenepa. Mvi zimemshika pembeni, palepale zilipomshikia baba. Nilikaa na ile picha mpaka mawese yakataka kufurika kwenye pipa. Nimemwomba urafiki, nikafanya ishara ya msalaba, nikabonyeza.

Jumanne, 20 Januari

Kanikubalia. Hakuandika neno. Nikamwandikia kwa salamu yetu Waha ya asubuhi, kwa siri, huko Wema alikonionyesha ambako hawasomi wengine: "Mwakeye, kaka. Shikamoo. Umeamkaje?" Baada ya muda chini yake pakatokea neno dogo: Imesomwa. Nikamuuliza Wema maana yake. Kasema maana yake ameisoma na amenyamaza.

Jumatano, 21 Januari

Mwakeye, kaka. Imesomwa.

Alhamisi, 22 Januari

Mwakeye, kaka. Imesomwa. Mvua na radi, umeme hakuna.

Jumapili, 1 Februari

Siku ya kumi na tatu. Imesomwa.

Leo hasira zimenipanda. Mtu mzima anasoma salamu ya dada yake kila asubuhi na kuiacha hapo kama chombo kichafu. Kiburi chake ni kilekile. Baada ya misa Skolastika kanikuta uani, kasema hivyohivyo, kwamba Bona tangu utotoni alijiona, nimwache na mashine yake. Ajabu ni kwamba yeye aliposema mimi nikaanza kumtetea. Nilimwambia angekuwa hataki kabisa angenifungia mlango. Anasoma. Anayesoma yupo.

Harusi siwezi kumtajia kabla hajaitikia. Huwezi kumpa mtu neno zito hajakuitikia salamu.

Jumatano, 4 Februari

Nimefungiwa. Mimi, si kaka.

Asubuhi nimefungua Tuonane nimsalimie, pakatokea maandishi mekundu kwamba nimezuiwa kwa saa sabini na mbili kwa sababu ya mwenendo usio wa kawaida. Nikadhani nimetukana mtu bila kujua. Wema akasoma vizuri, akakaa chini kwa kucheka. Kumbe ni kwa kuwa kila asubuhi nawatumia marafiki wangu wote, na sasa ni mia mbili na kumi na wanne, mmoja mmoja, "Mwakeye, umeamkaje, Mungu akulinde." Mtandao umedhani mimi ni mashine.

Nilikwenda kumlalamikia Yasmini, jirani yangu wa miaka yote, muuza vitenge Mwanga. Nilimuuliza kama kusalimia watu ni mwenendo usio wa kawaida. Kajifikiria, akapima kitenge cha mteja hadi mwisho, ndipo akanijibu: "Mama Wema, nikisalimiwa na Mwanga nzima kabla sijafungua duka, hata mimi nafunga mlango."

Siku tatu kaka hatapata salamu yangu. Atasema nimechoka.

Jumapili, 8 Februari

Jana walinifungulia. Nikakuta neno la kaka, la Ijumaa. Neno moja:

"Mgongo?"

Nililia kwenye kanga. Kumbe yale ya siku ya kwanza aliyasoma. Asubuhi mbili hazikuja salamu, akadhani naumwa.

Hapo ndipo nikaharibu. Badala ya kumjibu habari ya mgongo, nikaushusha mzigo wote kwa pamoja, kwamba Wema anaolewa, kijana anaitwa Niyokwizera, ni fundi umeme, wazazi wake ni Warundi waliohamia Buzebazeba zamani, watu wa sala, tarehe kumi na moja mwezi wa nne, aje, amtangulie mtoto mlangoni. Nilijaza simu nzima. Akajibu jioni:

"Wapo wazee wengine huko."

Nimesoma. Na mimi nimenyamaza. Najua na kwake limetokea lile neno.

Jumatatu, 9 Februari

Mwakeye, kaka. Mgongo haujambo. Imesomwa.

Jumatano, 18 Februari

Majivu, Kwaresima imeanza. Na Yasmini naye wiki hiihii ameanza funga yake ya Ramadhani, kwa hiyo uani kwetu hakuna anayekula mchana ila kuku.

Padri kasema leo kwamba tusimpelekee Mungu dhambi zilizofuliwa na kupigwa pasi. Nimerudi nyumbani, sijapika sabuni. Nimekaa na daftari. Sijamwambia mtu jambo hili, hata Gervasi alikufa hajui. Naliandika.

Baba yetu, Mzee Adolf, alikufa mwezi wa tatu, miaka kumi na moja iliyopita, katikati ya mvua kama hizi. Kaka alikuwa tayari anaishi Kahama. Nilimpigia, akasema anakuja. Tulimngoja siku moja, tukamngoja ya pili, wazee wakasema maiti haingoji, tukazika. Mimi ndiye niliyetupa udongo wa kwanza, mahali pake. Kesho yake mchana, watu wamekaa uani wanagawiwa chakula, kaka akaingia. Hakuna aliyenyanyuka. Mama mmoja akampa sahani, naye kwa uchovu akaipokea. Hakuwa amekula, nadhani, tangu atoke. Nikasimama mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia, nikasema:

"Mpeni nafasi mfiwa. Kuzika hakuweza, amekuja kula."

Watu walicheka. Skolastika alicheka kuliko wote. Samson alicheka. Kaka akaiweka sahani chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akaenda kaburini, akasimama kidogo, akaondoka. Hajarudi Kigoma.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mwalimu aliyepanda basi moja naye. Basi lilizama kwenye tope upande wa Kibondo, siku mbili. Wengine walilala humo. Kaka alishuka akatembea kwa miguu kutwa nzima mpaka alipopata lori. Miaka yote hii nikiulizwa nasema nilikuwa sijui, uchungu wa msiba, hasira. Na ndivyo nilivyoungama kwa padri.

Lakini nilijua. Alipoingia uani suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini, limekauka juu, chini bado bichi. Niliona tope lile kabla sijafungua mdomo. Nililiona na nikasema.

Nilikuwa naandika humu kwamba kaka ana kiburi. Nimerudi nyuma nimesoma. Sifuti, ila nimeona aibu.

Jumanne, 3 Machi

Nimemwandikia huko kwa siri: "Kaka, nisamehe kwa yale ya msibani." Imesomwa.

Jumatano, 4 Machi

Nisamehe, kaka. Imesomwa.

Jumatatu, 9 Machi

Imesomwa. Kamati ya harusi imekaa kwangu. Wamependekeza Mzee Martini wa jumuiya yetu ashike nafasi ya mjomba. Ni mtu mzuri, anaimba besi. Nimesema tungoje. Skolastika akaniambia nimezama kwenye simu kama watoto. Wema alikuwa anachambua mchele, na niliona anachambua uleule mara mbili.

Ijumaa, 13 Machi

Nimefuturu kwa Yasmini, uji na mihogo na samaki, migebuka ya ziwani. Na mimi nilikuwa nimefunga, Ijumaa yangu ya Kwaresima, tukafungua pamoja. Watoto walipoondoka nikamwambia yote, hata la tope. Yeye alikuwepo siku ile, alikuwa anagawa maji. Alisikiliza bila kunitazama. Kisha akauliza:

"Radhi umemwomba wapi?"

Nikamwambia kwenye simu, huko kwa siri, siku ya kumi na moja leo.

"Na ulimtukania wapi?"

Nikainamia bakuli la mihogo.

"Dada, ulimtukana uani, mbele ya watu. Leo unamwomba radhi uvunguni. Na mimi ningesoma nikanyamaza."

Nimerudi nyumbani na bakuli lake la mihogo, sikumbuki nilivyovuka barabara.

Jumapili, 15 Machi

Wale watu siwezi kuwakusanya tena uani. Wengine wamekufa, wengine wako Mpanda, Dar es Salaam, Bujumbura. Hilo nililiwaza misa nzima, Mungu anisamehe. Kisha wakati wa matangazo likanijia. Nilipofika nyumbani nikafungua orodha yangu ya Tuonane, wale niliowakaribisha wote bila kuchagua, sasa mia nne na kumi na wawili, nikapita jina kwa jina. Waliokuwepo msibani kwa baba ni sabini na mmoja. Msiba mzima umo humo ndani, umekaa, unatazama picha za mpira.

Nikamwita Wema asikie kabla sijabonyeza. Niliandika hivi:

"Ndugu zangu mliokuwepo msiba wa Mzee Adolf, Rusimbi. Mimi Verediana nilisema mbele yenu kwamba kaka yangu Bonaventura amekuja kula. Nilisema uongo. Basi lake lilizama akatembea kwa miguu kuja kumzika baba. Alikuwa na tope mpaka magotini na mimi nililiona kabla sijasema. Nilimtukana mbele yenu, kwa hiyo namwomba radhi mbele yenu. Kaka Bonaventura, nimekosa. Nisamehe."

Wema akashika mkono wangu. "Mama, usitume. Wakwe wanasoma. Watasema nimetoka nyumba ya namna gani?"

Hapo niliogopa kweli. Ya kwangu niliweza kuyabeba, lakini hii ni harusi ya mtoto. Nikamwambia ukweli: "Utakuwa umetoka nyumba hii hii. Bora waijue kabla hujaingia kwao." Akauachia mkono. Hakuniruhusu, lakini aliuachia.

Nikabonyeza.

Jumatatu, 16 Machi

Nimechungulia asubuhi na mapema. Maneno mia na kitu. Wengine pole, wengine wameweka sura za kucheka, mmoja ameuliza kama nauza sabuni bado. Kisha Samson, safari hii kwa herufi ndogo: "na mimi nilikuwepo na nilicheka. nisamehe bona." Chini yake mwingine. Chini yake mwingine. Nimehesabu tisa.

Skolastika amenipigia. Kasema nimewavua nguo watu wazima, alifikiri mimi ni ndugu yake. Nikamwambia sikumtaja jina. Akasema hakuna haja ya kutaja, kicheko chake Kigoma nzima wanakijua. Akakata. Wema anapita mbele yangu kama anapita kwenye nyumba ya watu.

Jumatano, 18 Machi

Mwakeye, kaka.

Haijasomwa.

Alhamisi, 19 Machi

Mama mkwe wa Wema kaja, peke yake, bila taarifa. Anaitwa Anésie, mama mrefu, mpole, anayekuja mara zote na mumewe. Nilipomwona mlangoni na mwavuli wake nikasema harusi imekwisha. Wema akaingia jikoni hakutoka.

Tukasalimiana kwa Kirundi na Kiha na Kiswahili, habari za nyumbani, za mvua, za maharage, na mimi namngoja aseme. Akanywa maji. Akasema amesoma, na mumewe amesoma. Kisha:

"Mkwe wangu, mimi nina dada kule Makamba, Burundi. Tuliachana njiani wakati wa kukimbia vita, kwa neno dogo kuliko lako, na mpaka leo hakuna aliyesema nimekosa. Jana nimemtafuta huko Tuonane." Akafunga mwavuli vizuri. "Kiti cha mjomba msimpe mtu. Tutangoja wote."

Alipoondoka Wema akatoka jikoni, macho mekundu, akasema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumapili, 22 Machi

Haijasomwa. Yasmini ameleta pilau ya Idi iliyobaki, ni nyingi kuliko ile ya siku yenyewe.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Mvua imetulowesha kwenye maandamano, wote mpaka padri. Mwakeye, kaka. Haijasomwa.

Siku kumi na mbili bila hata lile neno nililokuwa nalichukia. Wema anasema huenda simu imeharibika. Skolastika ameanza kunisalimia tena, kwa mbali, kwa kidevu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Bwana amefufuka kweli, nami nashukuru. Haijasomwa.

Kamati imekaa kwa mara ya mwisho. Nimekubali Mzee Martini akae meza ya wazee na aseme maneno ya wazee. Lakini mlangoni, nimewaambia, hatangulii mtu. Wema atatoka, na mbele yake patakuwa wazi, na kila atakayeuliza nitamjibu mwenyewe kwa nini pako wazi. Wamenitazama. Wema akasema, "Iwe hivyo." Ni yeye aliyesema.

Jumanne, 7 Aprili

Mwakeye, kaka. Haijasomwa. Nimekata sabuni, imekauka. Jua la kwanza la maana tangu Januari.

Alhamisi, 9 Aprili

Jua la juzi lilikuwa la kutudanganya. Leo mvua imeshuka tangu saa nne, mtaro wa mbele umefurika, na uani kwangu wanawake kama ishirini chini ya turubai, wanachambua mchele, wanamenya ndizi, Yasmini ndiye kamanda wa sufuria. Skolastika yupo pia, amekuja na kisu chake.

Ilikuwa kama saa nane. Nilikuwa naonja mchuzi. Uani kukanyamaza, kwanza upande wa lango, halafu kote. Nikageuka.

Amesimama kwenye lango na begi moja, hana mwavuli. Kanenepa kweli. Alishuka stendi, pikipiki ikashindwa kuvuka mtaro wetu, akashuka akauvuka kwa miguu. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini.

Nililiona. Na kila aliyekuwa uani aliona nikiliona.

Nikaweka mwiko. Nikainama chini kabisa kama tulivyofundishwa na mama, nikapiga makofi taratibu, nikampa shikamoo mbele yao wote. Akaitikia:

"Marahaba, Vere. Mgongo?"

Nikamwambia mgongo haujambo. Nikateka maji ya uvuguvugu, nikaleta beseni na kipande cha sabuni yangu, nikapiga goti nikamwosha miguu hapohapo chini ya turubai. Alitaka kunizuia kisha akaacha. Akaniambia simu alimwachia mkewe siku ile ile aliposoma yale maneno. Hakutaka kunijibu kwa kuandika, aliogopa kwamba akiandika hatakuja. Wema kasimama mlangoni na mikono ya unga, hajui acheke au alie, akamjia mjomba wake akamkumbatia, unga wote ukabaki mgongoni kwake.

Nikamkaribisha kiti. Skolastika alikuwa anamenya ndizi iliyokwisha kumenywa. Kaka akatazama uani kote, uso kwa uso, bila haraka. Naona aliwatambua. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ambayo hata wa barabarani wangeisikia:

"Haya, nimekuja kula."

Yasmini ndiye aliyeanza kucheka, na chozi juu. Kisha wote, na kaka mwenyewe. Nikampakulia kwa mkono wangu, ugali wa muhogo na mgebuka kwa mawese, sahani ikajaa. Sikukaa. Nilisimama hapo karibu mpaka akamaliza. Akaongeza.

Sasa amelala chumba cha mbele, namsikia anakoroma kama baba. Keshokutwa atasimama mlangoni. Tuonane imeniuliza una habari gani leo, Verediana, na leo sijaijibu.